Aliyemzuia Nyasani

Nilikuwa nimepiga magoti barazani kwangu, pini mdomoni, nikipima pindo la suruali ya Obadiah, aliposema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani kwamba hakuna aliyewahi kumzuia Nyasani kuliko yeye.

Nilizitema zile pini kiganjani. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasikia akiwa na vyuma mdomoni.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nimesema kamati imekubaliana." Obadiah alikuwa akijitazama kwenye kioo changu, tumbo amelivuta ndani. "Siku ya kufungua uwanja, mimi ndiye nitakaa jukwaani na Nyasani. Nitamkabidhi mpira, redio itaniuliza maswali mawili matatu, basi. Fundi, hapo kwa paja usibane sana."

"Kamati ni nani?"

"Ni mimi na Mwalimu."

Mwalimu Ondieki wa Gesima alikuwa amekaa kwenye benchi langu, miguu yake mirefu imefika karibu katikati ya baraza, akinywa chai ya mke wangu. Aliinua kikombe kuonyesha kwamba ni kweli. Basi hiyo ndiyo kamati: mwenye bucha mmoja kutoka Kiogoro na mwalimu mmoja, wamekaa kwangu, wanakunywa chai yangu, wananipora heshima yangu huku nikiwashonea nguo za kuendea kuipokea.

Mtu ambaye hakuwa Kisii miaka ya sitini hawezi kuelewa kwa nini watu wazima watatu walikuwa tayari kugombana juu ya jambo hilo. Nyasani wa Ikonge alijifunza mpira wa kikapu kwa kikapu hasa, kile cha kuchumia majani chai, kilichotobolewa chini na kutundikwa kwenye nguzo ya zizi la mama yake. Alipofika shule ya upili akakuta chuma chenye wavu, alikiona kikubwa mno. Alizifunga shule, akavifunga vyuo, akawafunga polisi, akaifunga hata timu ya Wazungu waliokuja na viatu vyeupe. Bega lake la kushoto ndilo lilikuwa mchezo wake. Alikuegemea nalo kwanza, akausikia uzito wako umelalia upande gani, kisha akageukia upande ule mwingine nawe ukabaki unakumbatia hewa. Baadaye alienda Nairobi, akachezea taifa, na huko nako waliendelea kukumbatia hewa.

Sasa, mwaka wa sabini na sita, mji wetu ulikuwa umepata uwanja wa saruji nyuma ya soko, na Nyasani alikuwa amekubali kuja kuufungua. Redio ingetuma mtu kutoka Nairobi na mashine ya kurekodi. Ndipo mtu mmoja alipotoa wazo kwamba jukwaani, kando ya mfungaji mkuu, akae yule mlinzi aliyemzuia vizuri kuliko wote, jina lake litajwe hewani, nchi nzima ijue kwamba huku pia kulikuwa na watu. Mimi nililisikia wazo hilo nikiwa kwenye cherehani, nikajua papo hapo kwamba linanihusu mimi.

"Obadiah," nikasema, nikasimama, "ulimkaba Nyasani misimu mitano. Misimu yote mitano alikufunga. Ulichofanya ni kumvunja pua."

"Na kuvunjwa pua si kuzuiwa?"

"Alipita nayo ikiwa imevunjika!"

"Alipita kwa shida," Obadiah akasema. "Mpaka leo akiona bucha anabadilisha njia."

Ondieki alicheka, akajipangusa chai kidevuni. Yeye mwenyewe aliwahi kumkaba Nyasani alipokuwa chuo cha ualimu, na hoja yake ilikuwa urefu. Alidai kwamba mbele yake mpira ulilazimika kuuruka mkono wake kwanza ndipo ufike kikapuni.

"Na uliruka," nikamwambia.

"Uliruka, sikatai. Lakini uliruka ukiwa umechoka. Mimi nimemwachia Obadiah nafasi kwa sababu nitakuwa msimamizi wa shughuli. Mtu hawezi kushika kipaza sauti na mpira pamoja."

"Na mimi je?"

Walitazamana. Nilijua kinachokuja, kwa sababu kilikuwa kikija kila wiki kwa miaka minane, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya posta.

"Baba Nyasani!" Obadiah akapasuka kicheko mpaka pini za pajani zikamchoma. "Aii! Wewe hukumzuia mtu, ndugu yangu. Ensoni ndiyo ilimzuia. Hata wangesimamisha gunia ya mahindi pale, mradi wamwambie hii gunia ni babako, Nyasani hangeigusa."

Baba Nyasani. Hilo ndilo jina nililobakiwa nalo mjini. Wateja wangu wananiita Fundi, wengine wote wananiita Baba Nyasani wakijiuma midomo wasicheke, na jina nililopewa nilipozaliwa nimeachiwa mimi na mke wangu Orpah tulitumie nyumbani. Ndiyo maana nililitaka lile jukwaa. Sikutaka kombe. Kombe ningeliweka wapi, juu ya cherehani? Nilitaka mtu asimame mbele ya Kisii nzima aseme kwamba siku ile nilicheza mpira.

Lazima nieleze ensoni, maana huenda unayesoma hapa si wa kwetu. Ni heshima iliyo kati ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana. Baba na mwana hawataniani, hawagusani ovyo, hawaonani wakiwa na nguo nusu, na mwana halitamki jina la baba yake. Na ubaba wenyewe hauhesabiwi kwa mvi. Babu yangu na babu wa baba yake Nyasani walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo mimi na baba yake ni ndugu, na Nyasani ni mwanangu. Alinizidi umri, alinizidi urefu, alianza kunyoa ndevu mimi nikiwa bado nasaka panzi, lakini ni mwanangu. Tukikutana njiani alikuwa anainamisha macho na kusogea kando ya njia, na mimi nilikuwa napita nikitazama mbele kama mzee wa haja.

Basi, fainali ya mwaka wa sitini na nane. Ilichezwa Jumapili alasiri, kwa sababu Wasabato hawangecheza Jumamosi na Wakatoliki walitaka kumaliza misa kwanza. Nyamira dhidi ya mji. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya mji, na niliridhika kuwa wa akiba, kwa maana nilijua nani yuko upande wa pili. Kocha wetu alikuwa padri Mholanzi mwenye ndevu nyekundu ambaye alijua Kiswahili cha kutosha kugombeza. Obadiah alipewa Nyasani amkabe. Kufikia mapumziko Obadiah alikuwa amefanya faulo zote alizoruhusiwa na binadamu, refa akamtoa nje, na Nyasani alikuwa ameshafunga vikapu mpaka msimamizi wa ubao akaomba chaki nyingine.

Padri akatazama benchi. Mwenzangu wa akiba alikuwa ameteguka mguu. Padri akanielekezea kidole.

"Siwezi, Padri," nikasema. "Yule ni mwanangu."

Padri akamtazama Nyasani, ndevu na kifua na yote, kisha akanitazama mimi, kijana mwembamba asiye na hata unywele kidevuni. Alidhani nimepigwa na jua. Akanisukuma ndani.

Nyasani aliponiona nakuja kusimama mbele yake alirudi nyuma hatua moja na kuinamisha macho, na watu wa kwetu waliokuwa pembeni wakaelewa mara moja. Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia tena. "Amekutana na babake!" walipiga kelele. "Nyasani, msalimie mzee!"

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu huacha kusikiliza. Ni kweli hakuweza kutumia bega. Hakuweza kuniegemea, kwa hiyo alipoteza nusu ya mchezo wake. Lakini nusu iliyobaki ya Nyasani ilikuwa inatosha kuwafunga watu wengine wote wilayani! Alikuwa na miguu bado. Alikuwa na macho ya kudanganya, na ule mkono uliozoea kikapu cha chai. Na zaidi ya yote, alitaka kushinda. Mpira ulipoanza tena aliuchukua, akaja upande wangu mbio, akitafuta njia ya kunizunguka bila kunigusa.

Na mimi nilikuwa na nini? Mlinzi mwingine yeyote ana mikono. Anamshika mtu kiuno refa akigeuka, anamwekea kiwiko, anampima kwa kiganja ajue anaenda wapi. Mimi sikuwa na hivyo. Mara ya kwanza aliponijia, mkono wangu ulianza kwenda wenyewe kifuani kwake, na nikausikia mwili mzima ukikataa. Basi niliipeleka mikono yote miwili nyuma, nikashika kiuno cha kaptura yangu, nikaishikilia hapo. Nikabaki na miguu tu.

Niliyaacha macho yake, niliuacha na mpira. Nilimtazama nyonga. Mwanafunzi wa ushonaji hujifunza mapema kwamba mtu anaweza kukudanganya kwa mabega na kwa shingo, lakini nyonga ikigeuka, mtu mzima anageuka nayo. Nyonga ilipokwenda kulia nilikuwa nimeshafika kulia. Alirudi kushoto, akanikuta kushoto. Alisimama ghafla, nikasimama, pengo la mkono mmoja kati yetu, mikono yangu nyuma nikitoa jasho la damu. Aliinua mpira arushe kutoka mbali, na kwa kuwa sikuweza kumrukia usoni, niliruka wima mahali pangu, kichwa juu, auone utosi wangu badala ya kikapu. Mpira uligonga chuma.

Kicheko kilipungua. Baadaye kidogo hakukuwa na kicheko tena. Nyasani alifunga kidogo sana kipindi hicho, na kila alichofunga alikifanyia kazi. Dakika za mwisho aliteleza akaanguka mbele yangu, mpira ukabingirika kando ya mguu wake. Mtu mwingine angeurukia. Mimi ningeurukia ningemwangukia mwanangu mwilini mbele za watu. Niliruka kando. Nyamira wakauokota wakafunga, na bado tulishinda, kwa kikapu kimoja.

Hiyo ndiyo mechi yangu. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa ukisimulia jinsi ensoni ilivyoshinda kombe.

Haya yote niliwaeleza Obadiah na Ondieki pale barazani, na si kwa upole. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeikunja futi ya kupimia mkononi kama nataka kumchapa mtu.

"Mnasema hangenigusa," nikasema. "Sawa. Mimi nilimgusa wapi?"

Ondieki aliangalia ndani ya kikombe.

"Hiyo ensoni mnayoitaja haimfungi mwana peke yake. Inamfunga na baba. Ninyi mlikuwa na mikono! Wewe Obadiah ulikuwa na mikono na viwiko na ngumi, na hukuona ndani. Haya, njoo. Mwalimu atoke hapa kwenye benchi mpaka barabarani. Mzuie. Shika suruali kwa nyuma hivi, na ukimgusa hata shati, umeshindwa."

"Mimi ni mtu mzima, Fundi."

"Unaogopa mwalimu mwenye kikombe?"

Hilo lilimwingia. Obadiah akasimama mlangoni mwa baraza, akashika kiuno cha ile suruali ambayo haijamalizika, akapanua miguu. Ondieki aliinuka taratibu, akaweka kikombe chini, akainamisha bega kushoto, na Obadiah, mtu wa misimu mitano, akaenda kushoto mwili mzima na bucha yake yote. Ondieki akapita kulia. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani Obadiah alipomdaka kwa ukosi wa shati, na ile suruali, ikiwa imeachwa na mikono, ikateremka mpaka magotini.

"Umemgusa babako!" Orpah akapaza sauti kutoka jikoni. Wanawake waliokuwa wakipita na ndizi kuelekea sokoni walilazimika kutua mizigo wacheke vizuri.

Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo, nimwache aondoke na aibu yake. Lakini mimi nikiwa na haki siwezi kunyamaza, ni ugonjwa. "Umeona?" nikamwambia. "Ulishindwa na mwalimu aliyeshiba chai. Mimi wangu alikuwa Nyasani."

Obadiah aliivuta suruali juu. Uso ulikuwa umemwiva.

"Hiyo ni mchezo ya watoto," akasema. "Nakuuliza kitu moja tu. Ulicheza na yeye kipindi kimoja. Kimoja! Kama ulikuwa unamweza, mbona hukurudi? Msimu uliofuata ulikuwa wapi? Ulikimbia ukajificha nyuma ya cherehani. Kamati imeamua, na imemaliza."

Jibu nilikuwa nalo, lakini si jibu la kumpa mtu kama huyo akalipeleke buchani.

Jibu lilikuwa mama yangu, Bitutu. Wiki ile ya fainali habari zilimkuta Ikonge, kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mbele ya wake wa ukoo wote. Alikuja mjini kwa miguu. Hakuuliza nani alishinda. Aliniuliza kama ni kweli nilisimama mbele ya mwanangu mapaja yakiwa nje, na yeye mapaja yakiwa nje, tukarukiana kama majogoo huku watu wakitucheka. Nilimwambia sikumgusa. Akasema hilo amelisikia, na ndilo limemfanya asilie njiani. Kisha akasema nisirudie. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nimegundua juzi tu kwamba kuna kitu duniani ninachokiweza kuliko watu wote wa wilaya, na mama yangu akasema nisirudie. Niliweka kaptura ndani ya sanduku. Yule Mholanzi alikuja dukani kuniomba, akaniomba tena, kisha akakata tamaa. Iliniuma wakati huo na inaniuma sasa, na sitaki mtu aniambie eti nilikimbia.

"Suruali itakuwa tayari Ijumaa," nilimwambia Obadiah. "Toka kwangu."

Orpah alinishauri niishone makalio kwa uzi mwepesi, ipasuke atakapoketi jukwaani mbele ya redio. Nakiri wazo lilinifurahisha usiku mmoja mzima. Lakini nilimshonea vizuri, mishono miwili kila mahali, mikunjo iliyonyooka ambayo ungeweza kukatia mkate. Sikutaka kushinda kwa matako ya Obadiah. Tena kila mtu angejua ni kazi ya fundi gani.

Jumapili ya ufunguzi watu walijaa mpaka kwenye mapaa ya vibanda. Orpah alitaka tukae mbali.

"Ukianza kupiga kelele mimi naenda nyumbani," alinionya.

"Sikuja kupiga kelele. Nimekuja kusikia kama mwanangu atasema uongo."

"Na akisema?"

"Basi nitakuwa nimesikia."

Alinishika mkono, na hilo si jambo analolifanya mbele za watu.

Nyasani alishuka kwenye gari akiwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza kumwacha mbele, lakini alipotembea kwenye ile saruji mpya nilimtazama nyonga nikaona ni yeye yule. Alikuwa akisalimia watu kwa mikono miwili, akicheka. Alipofika karibu na tulipokuwa akaniona. Kicheko kilikatika. Akainamisha macho na kusogea kando, mgeni wa heshima, nguo za Nairobi, akaacha njia iliyotandikwa majani akapita kwenye vumbi ili asinisugue bega. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba huyo bado ni mtoto wa watu.

Obadiah alikuwa jukwaani tayari, suruali imemkaa barabara. Ondieki alishika kipaza sauti, akaeleza historia ya mpira wa kikapu tangu Adamu, akamtaja Obadiah wa Kiogoro kuwa ndiye mlinzi bora aliyemzuia Nyasani. Watu wakapiga makofi ya adabu. Obadiah akamkabidhi Nyasani mpira. Ilikuwa imekwisha, na jina langu halikuwamo hata kwa bahati mbaya.

Kisha yule mtu wa redio akasogea. Alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kikitiririka, na hakuwa ameridhika na historia ya Ondieki. Akamwekea Nyasani mashine mdomoni.

"Ndugu Nyasani, tumeambiwa mlinzi wako mkali ni huyu bwana hapa. Nawe wasemaje? Ni nani hasa aliyekuzuia?"

Nyasani akaugeuza mpira mikononi.

"Obadiah ni rafiki yangu," alisema. "Alinivunja pua. Nilipita na damu, lakini nilipita. Mwalimu Ondieki alikuwa mrefu, na watu warefu huchoka magoti. Nimecheza Kampala, nimecheza Dar es Salaam, na nimekabwa na watu wakubwa kama milango. Wote walinishika, na mtu akikushika unajua yuko wapi. Ukishajua yuko wapi, unapita."

Akaugeuza mpira tena.

"Aliyenizuia ni mmoja, na hakunigusa hata kidole. Watu wa hapa wamesema miaka yote kwamba nilimheshimu nikamwachia. Nilimheshimu, ndiyo. Lakini kumwachia? Mimi niwaachie mji kombe? Nilitaka kupita! Nilitafuta njia kipindi kizima, na kila njia niliyoifungua nilimkuta ameshafika, mikono nyuma, ananingoja. Nilirudi nyumbani nikaota miguu yake."

Vidole vya Orpah viliniingia kwenye nyama ya mkono.

"Naye ni nani huyo?" mtangazaji akauliza. "Jina lake?"

"Jina lake siwezi kulitaja."

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Basi taja, ndugu yangu, nchi nzima itasikiliza."

"Siwezi kulitaja," Nyasani akasema tena, macho chini, na uwanja mzima ulikuwa umeshaelewa isipokuwa yule kijana na mashine yake. "Ni baba yangu."

"Baba yako mzazi alicheza mpira wa kikapu?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyenicheka mimi. Nilijua tofauti, nilikuwa na miaka minane ya kujifunza tofauti. Vichwa viligeuka upande wangu kimoja baada ya kingine. Mzee mmoja alivua kofia. Obadiah, kule juu, alinitazama, akaitazama ile suruali, akasogea mwisho wa benchi, nafasi ikabaki katikati. Sikwenda kukaa. Ningekaaje bega kwa bega na mwanangu? Nafasi ile ilikuwa yangu, na haikuwezekana niikalie, na kwa mara ya kwanza haikuniuma.

Lakini mtangazaji bado alikuwa ameshika mashine hewani, ananyoosha shingo, anatafuta jina ambalo hakuna hata mmoja jukwaani aliyekuwa tayari kumpa. Obadiah hakutaka kulisema. Ondieki, nina hakika, alikuwa amelisahau. Na Nyasani hangelitamka hata kama wangemvunja pua mara ya pili. Niliiona ile mashine inaanza kushuka.

"Usithubutu," Orpah akasema, kisha akauachia mkono wangu.

"Machogu!" nikapaza sauti. Watu walinipisha. "Machogu Nyamweya, wa Ikonge, fundi wa nguo hapa mjini!"

Yule kijana aligeuka, akaniinulia mashine kutoka mbali. Nyasani hakuinua macho, lakini nilimwona anatabasamu akiutazama mpira. Nikalitaja mara ya pili, polepole, ili redio ilipate lote.